Kabla ya Kushika Nyundo: Maneno juu ya Kubomoa Majengo kwa Usalama

(Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani, katika bwalo la shule. Mhariri ameniomba niyaandike, ili nao ambao hawakuweza kufika wayasome.)



Mwenyekiti aliponiomba nizungumze aliniambia nichague jambo linalohusu kazi yangu, ila lisiwe la kuwalaza watu usingizi baada ya wali na nyama. (Kicheko.) Kazi yangu, kama wengi mjuavyo, ni ya majengo ya Serikali. Watu wakisikia hivyo hudhani kwamba shughuli yangu ni kujenga. Kujenga kupo, lakini siku nyingi za mwaka ninashughulika na nyumba zilizochakaa: nyumba za watumishi, maghala, ofisi za zamani ambazo hazifai tena kukaliwa na lazima ziondolewe. Kwa hiyo leo nitasema juu ya kubomoa. Nimechagua jambo hilo kwa sababu namba sita katika ajenda yetu ya leo inahusu bweni letu la zamani.

Bweni hilo tunalijua sote. Ni jengo la ghorofa moja, kuta zake ni za matofali ya kuchoma, sakafu ya juu ni ya mbao zilizolazwa juu ya boriti za mvule, mbele lina roshani ya zege, na paa lake ni la asbesto. Limefungwa kwa sababu ya nyufa, na Kamati imependekeza kwamba michango yetu yote iende katika bweni jipya, na la zamani livunjwe bila gharama. Mpango wenyewe ni kwamba wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, wakisaidiwa na sisi wakubwa tutakaojitolea, walivunje kwa nyundo na sululu katika muda wa wiki moja, kwa moyo ule ule wa kujitegemea tuliofundishwa hapa.

Waraka huo nimeusoma mara mbili. Moyo uliomo ndani yake nauheshimu, maana hata mimi nilifyatua matofali ya jiko la shule hii, na sijaona kwamba yalinidhuru. Lakini nimekuja kuwaombeni tusifanye hivyo, na naomba mnivumilie nieleze sababu.

Vitu vinavyoshikana

Mtu akilitazama jengo huona vitu vilivyosimama: ukuta, nguzo, paa. Fundi akilitazama huona vitu vinavyoshikana. Paa linakandamiza ukuta na kuutuliza. Sakafu ya juu inakaa juu ya ukuta, lakini papo hapo inaushika ukuta huo usiyumbe kwenda nje wala kuja ndani. Ukuta wa katikati unaushika ule wa mbele. Hakuna kimoja kinachosimama kwa nguvu zake peke yake. Wakati wa kujenga tunajua hivyo, ndiyo maana tunaweka miti ya kuegemeza mpaka kila kitu kimekamatana na mwenzake.

Basi, kubomoa ni kuvitenganisha vitu hivyo kimoja kimoja. Kila unachoondoa kilikuwa kinashika kingine. Jengo zima ni salama kwa kiasi chake, na kifusi kilicholala chini ni salama kwa kiasi chake. Hatari kubwa iko katikati, wakati jengo si jengo tena wala halijawa kifusi. Saa hizo sura yake haikuwamo katika mchoro wowote, na hakuna mhandisi aliyeipigia hesabu, isipokuwa pale ambapo mtu amekaa chini mapema akaipigia hesabu. Hilo ndilo neno langu la leo, na mengine yote nitakayosema ni mifano yake.

Majengo ya zamani huongeza tatizo hilo, kwa sababu nguvu zake za leo si zile za siku yalipojengwa. Hapa kwetu tunakumbuka Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ilianguka na watu 2 wakafa. Hapo hakuna aliyekuwa anabomoa. Kinyume chake, kazi iliyokuwa ikiendelea ilikuwa ya kulikarabati. Ikiwa jengo la zamani linaweza kuanguka mikononi mwa wanaolitengeneza, litawafanya nini wanaolipiga nyundo?

Yaliyotokea Philadelphia

Sasa niwapeleke mbali kidogo, Philadelphia huko Marekani, kwa kuwa kisa cha huko kimechunguzwa mahakamani na kinajulikana vizuri. Mwaka 2013 mwenye kiwanja katika barabara ya Market aliamua kuondoa majengo yake ya zamani. Mkandarasi aliyepewa kazi alikuwa ametaja bei ya chini kuliko wenzake. Jengo moja lilikuwa la ghorofa kadhaa, na ukuta wake wa upande mmoja ulipakana na duka la mitumba la Jeshi la Wokovu, duka dogo lililo chini sana kuliko ukuta huo.

Boriti za sakafu za jengo lile zilikuwa mali. Mbao za zamani huuzwa vizuri kule kama zinavyouzwa hapa. Kwa hiyo boriti zikatolewa mapema zikauzwe, na ukuta ukabaki umesimama peke yake, mrefu, bila sakafu ya kuushika. Duka lililokuwa chini yake halikufungwa, na wateja waliendelea kuingia na kutoka. Tarehe 5 Juni, kabla ya saa tano asubuhi, ukuta ule ukalala juu ya duka. Watu 6 walikufa siku hiyo, na wa 7 akafa hospitalini wiki kadhaa baadaye. Wengine zaidi ya 10 waliumia.

Mkandarasi alihukumiwa kifungo cha miaka 15 hadi 30. Dereva wa mtambo naye alifungwa. Mwaka 2017 ikakubaliwa kwamba wahanga na jamaa zao walipwe dola milioni 227. Ndugu Mweka Hazina, tafadhali andika tarakimu hiyo pembeni ya ule mstari unaosema „bila gharama”. Wahenga walisema rahisi ni ghali.

Jambo la kuhuzunisha ni kwamba kanuni ya kuzuia msiba ule ilikuwapo siku zote. Kanuni za usalama kazini za Marekani zinasema kwamba kabla ya kubomoa, mtu mwenye ujuzi lazima akague jengo, na ushahidi wa ukaguzi huo uwe wa maandishi. Zinasema pia kwamba ukuta unaozidi kimo cha ghorofa moja usiachwe umesimama peke yake bila kuegemezwa, isipokuwa kama tangu mwanzo ulijengwa usimame hivyo. Sentensi mbili tu. Zilikuwamo katika kitabu, lakini hazikuwapo kiwanjani.

Nimetaja kisa hicho kwa sababu ya boriti zetu za mvule. Tangu nifike hapa jana, watu wanne wameniuliza kama wanaweza kupata kipande cha kutengenezea meza. (Kicheko.) Nami nakitaka. Lakini boriti zile ndizo zinazoshika kuta mbili ndefu zisifunguke. Vijana wakianza na boriti kwa kuwa ndizo zenye thamani, tutakuwa tumejenga upya, hapa shuleni, ukuta ule wa Philadelphia.

Mambo matatu ya bweni letu

Jana jioni, kwa ruhusa ya Mkuu wa Shule, nilizunguka bweni lile kwa nje nikiwa na futi kamba na daftari. Niliyoyaona ni matatu.

La kwanza ni roshani. Watu wengi hudhani roshani inashikwa na ile sakafu ya zege yenyewe. Mara nyingi sivyo. Zege la roshani limeingizwa ndani ya ukuta, na uzito wa ukuta ulio juu yake ndio unaolibana lisipinduke. Sasa, kila mtu ameambiwa kwamba jengo hubomolewa kutoka juu kuja chini, na ni kweli. Lakini ukiifuata kanuni hiyo kwa upofu, utaondoa ukuta wa juu kwanza, na kile kilichoibana roshani kitakuwa kimekwenda. Roshani itapinduka pamoja na waliosimama juu yake au waliopumzika kivulini chini yake. Dawa yake ni kuitegemeza kwa miti imara kutoka chini kabla ya kugusa ukuta, au kuiondoa yenyewe kwanza. Lakini lazima mtu awe ameliona jambo hilo mapema.

La pili ni kifusi. Chukueni chumba kimoja cha juu cha meta 4 kwa 4. Sakafu ya kulala watu kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kubeba kilo 150 hadi 200 kwa kila meta moja ya mraba. Chumba kizima basi kinabeba tani 3 na kidogo, sawa na mifuko kama 64 ya saruji. Ukivunja kuta na kuacha matofali yarundikane chumbani humo kwa kimo cha sentimeta 30 tu, chini ya magoti yako, umeweka tani 6 hadi 7, yaani mifuko ipatayo 130. Sakafu imebeba mara mbili ya uwezo wake, na hiyo ni sakafu mpya. Ya kwetu imeliwa na mchwa na kunyeshewa. Vijana wenye nguvu watafurahi kuona matofali yanaporomoka kwa wingi, na furaha hiyo ndiyo itakayowaporomosha. Kifusi kinapaswa kuteremshwa kila mara, na mahali pa kukiteremshia pawe pamezungushiwa uzio.

La tatu ni paa, na juu ya hili naomba wazazi waliomo humu wanisikilize sana. Paa la asbesto likiwa zima limetulia, halina ghasia kubwa. Likivunjwa, likakatwa kwa msumeno au likaangushwa chini, linatoa nyuzi ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Nyuzi hizo zikiingia mapafuni hazitoki. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba asbesto ya aina zote husababisha saratani. Tena ugonjwa wake hauji kesho. Huchukua miaka 20, 30, hata 40 au zaidi. Maana yake, kijana wa miaka 17 atakayevunja paa lile leo kwa nyundo atakwenda chuo kikuu, ataoa, atapata kazi, atasomesha watoto, na siku moja akiwa na miaka 50 ataanza kukohoa, wala hatakumbuka kwamba alijitolea kwa wiki moja hapa shuleni. Leso puani haizuii kitu. Asbesto huondolewa na watu waliofunzwa, wenye barakoa za kazi hiyo na mavazi ya kutupwa. Huloweshwa maji kwanza, karatasi hufunguliwa moja moja zikiwa nzima, hufungwa ndani ya plastiki nene na kuzikwa mahali palipopangwa na wenye mamlaka.

Mpango kabla ya nyundo

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1988 Mkataba namba 167 juu ya usalama katika ujenzi, na kifungu cha 24 kinahusu kubomoa. Pale ambapo kazi inaweza kuhatarisha watu, kinataka njia zinazofaa zitumike, na kazi ipangwe na kufanywa chini ya usimamizi wa mtu mwenye ujuzi tu. Maneno ni machache, lakini yamebeba kila kitu. Mimi ninayafuata kwa utaratibu huu.

Kwanza, ukaguzi. Mhandisi aingie na mchoro. Kama mchoro hakuna, apime na auchore. Ajue ukuta upi umebeba na upi umegawa tu, boriti zinalala upande gani, nyufa zimeanzia wapi, kuna shimo la maji taka au tangi chini ya ardhi, na majirani wameegemea wapi. Katika miji ya zamani ya pwani, ambako nyumba za mawe na chokaa hushirikiana ukuta mmoja, ukiondoa nyumba yako unaweza kumwondolea jirani yako mwegamo wake.

Pili, kukata umeme na maji. Umeme ukatwe na shirika la umeme huko nguzoni, si kuzima swichi ya ukutani tu. Nimekuta nyumba ambazo swichi imezimwa lakini waya mwingine wa zamani ulikuwa bado unaishi.

Tatu, uzio. Ukuta wa meta 6 ukilala kifudifudi unafika meta 6, na matofali yake yanaruka mbele zaidi. Uzio uwekwe mbali kuliko hapo, na njia ya kwenda bwaloni ihamishwe. Uzio si alama ya kupendeza. Mwanafunzi aliyeusogeza ili afupishe njia amekwisha kujiingiza katika kazi.

Nne, orodha ya hatua, iliyoandikwa. Kwa bweni letu ningeandika hivi: asbesto iondoke kwanza, kisha vioo, milango na dari, roshani itegemezwe, kenchi za paa ziteremshwe moja moja, kuta za juu zitolewe kozi kwa kozi, mafundi wakisimama juu ya jukwaa, si juu ya ukuta, ndipo mbao na boriti za sakafu, ndipo kuta za chini, mwisho msingi. Na asikate mtu ukuta kwa chini, kama anavyokata mti, ili uanguke wote mara moja. Ukuta hauna adabu ya mti. Mti una mzizi na unatoa mlio, lakini ukuta wa matofali huchagua upande wake bila kuuliza.

Tano, mtu mmoja wa kuongoza. Awe na orodha mkononi, na akisema simama, wote wasimame. Mvua kubwa ikinyesha au upepo ukivuma, kazi isimame. Na kila jioni, kabla ya kuondoka, azunguke na kuhakikisha hakuna ukuta unaoachwa ukining'inia usiku. Misiba mingine huja wakati wafanyakazi wako nyumbani na watoto wanacheza.

Juu ya mtu huyo nina jambo la kuwaambia. Miaka michache iliyopita, katika mji mmoja nilikokuwa nafanya kazi, niliitwa kuandika taarifa ya ghala lililoanguka. Mwenye ghala alichukua vibarua watano pale sokoni, akawapa nyundo na mitaimbo, akaenda zake. Walianza kuukata ukuta kwa chini. Kijana mmoja wa miaka 22 akafa. Nilipima: ukuta ulikuwa wa meta 3 tu, mfupi kuliko ukuta wowote wa bweni letu. Nilipomaliza, mama yake aliniuliza swali moja: „Nani alikuwa anawaongoza?” Nilimjibu ukweli, kwamba hapakuwa na mtu. Taarifa yangu ilikuwa ya kurasa nyingi, lakini yote yalikuwa yamekwisha kusemwa katika swali lile.

Njia za kubomoa

Vijana wa sayansi wameniomba jana usiku niwaambie juu ya mabomu, maana wameona picha za majengo marefu yakiinama kama mtu anayesujudu. Njia ziko nyingi. Kuna mikono, kwa nyundo, sululu na mtaimbo, kozi kwa kozi. Ni njia ya polepole, lakini inafaa mahali penye majirani karibu, na huokoa matofali na mbao. Kuna mitambo, kama katapila lenye mkono mrefu linalotafuna jengo kutoka juu, likiwa limesimama mbali. Hiyo ni ya haraka na hupunguza watu ndani ya jengo, ila inahitaji nafasi na dereva aliyefunzwa. Kuna misumeno ya waya wenye chembe za almasi inayokata zege bila mtikisiko. Na kuna baruti.

Baruti haiangushi jengo kwa nguvu zake. Inakata nguzo chache zilizochaguliwa, kwa kupishana kwa sehemu ndogo ya sekunde, na uzito wa jengo lenyewe ndio unaomaliza kazi. Kwa hiyo kazi kubwa iko katika kuchagua na kuandaa. Kule Noida, India, tarehe 28 Agosti 2022 waliangusha minara miwili yenye kimo cha karibu meta 100 kwa kilo kama 3,700 za baruti. Iliisha kwa sekunde chache, na nyumba za jirani zilikuwa karibu sana, lakini hakuna aliyekufa. Picha zinaonyesha sekunde zile tu. Hazionyeshi miezi ya maandalizi, maelfu ya mashimo yaliyotobolewa katika nguzo, jaribio dogo lililofanywa mwezi Aprili, vitambaa vilivyofungwa kuzuia vipande visiruke, na maelfu ya wakazi waliohamishwa asubuhi ile pamoja na magari yao na wanyama wao.

Upande wa pili kuna Canberra, Australia. Tarehe 13 Julai 1997 walilipua hospitali ya zamani, na wananchi wakaalikwa kuja kutazama kana kwamba ni sherehe. Walikuja watu wapatao 100,000. Jengo halikuanguka lilivyotarajiwa, na vipande vya chuma vikaruka kuvuka ziwa. Kimoja kilimuua msichana wa miaka 12 aliyekuwa amesimama na jamaa zake umbali wa zaidi ya meta 400. Vijana, mkiulizwa siku moja ni nani anayepaswa kutazama jengo likibomolewa, jibuni kwamba ni wale tu wenye kazi pale.

Kwa bweni letu baruti haihitajiki, nawaomba radhi wanasayansi. (Kicheko.) Njia inayofaa ni mikono ya mafundi kwa ghorofa ya juu, na mtambo kwa ghorofa ya chini.

Ninachowaomba

Ndugu Mwenyekiti, najua yatakayosemwa. Itasemwa kwamba shule hii ilijengwa na wanafunzi wake, na sasa tunawafunza uvivu. Sikubali. Elimu ya Kujitegemea, tangu ilipotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilikuwa kumfundisha kijana kutumia akili na mikono yake pamoja. Kumpa nyundo bila kumpa mchoro ni kutumia mikono na kuacha akili. Tena sheria ya nchi iko wazi: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumia mtoto katika kazi ya hatari, na wengi wa hawa vijana hawajafika miaka 18. Mzazi wao hakuwaleta hapa wabebe ukuta.

Basi nawaombeni mambo matatu. La kwanza, tunapofika namba sita, tutenge fungu la kubomoa kwanza, ndipo tugawe kilichobaki kwa ujenzi. Fungu hilo lilipe mkandarasi aliyesajiliwa na watu wa kuondoa asbesto, na tusimchague kwa bei peke yake bali tumtake atuonyeshe orodha yake ya hatua. Matofali mazima na boriti za mvule zitarudisha sehemu ya gharama, lakini zitoke kwa zamu yake. Mimi mwenyewe nitamsaidia Mkuu wa Shule kuandika maombi ya kibali na kuzisoma zabuni, bila malipo, maana wino wangu nilipewa hapa.

La pili, bweni lisiguswe mpaka hapo, na uzio uwekwe wiki hii. Nyufa nilizoziona jana katika pembe ya kaskazini hazisubiri mkutano. Tumezoea kusema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ule umepita kuzibwa, na ukuta ule haufai kuegemewa na mtu.

La tatu ni la vijana. Kazi yenu ipo, na si ndogo. Lipimeni jengo kwa nje, mlichore na kulipiga picha, maana hakuna mchoro wake uliobaki shuleni. Waandikieni wazee waliolala humo, mkusanye kumbukumbu zao ziwekwe katika maktaba. Na matofali yatakapokuwa yamelala chini, nje ya uzio, safi na yamehesabiwa, njooni na patasi zenu mwondoe chokaa na kuyapanga, ili yatumike katika ngazi za bweni jipya. Hapo ndipo jasho lenu litakapoonekana, nanyi mtaishi muwaonyeshe watoto wenu.

Bweni lile lilitulinda na mvua kwa miaka mingi, na halikumuumiza hata mmoja wetu. Itakuwa aibu kama litafanya hivyo katika wiki yake ya mwisho kwa sababu sisi wakubwa tulitaka kuokoa fedha.

Ndugu Mwenyekiti, saa yangu imekwisha, nami naona Mweka Hazina anapiga hesabu upya.